Mvuvi Asihadaike na Samaki Mkubwa

Mtu akitupa ndoana ziwani akapata samaki mnene, hudhani kuwa ziwa hilo li salama. Sivyo daima.

Kaskazini-magharibi ya jimbo la Ontario, nchini Kanada, liko ziwa dogo la hekta 27 liitwalo kwa namba tu: Ziwa 223. Mwaka 1976 wataalamu walianza kulitia tindikali kidogo kidogo, wapate kujua madhara ya mvua yenye tindikali itokanayo na moshi wa viwanda. Kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri tindikali inavyozidi, kilikuwa karibu 6.8, kufikia mwaka 1981 kilikuwa karibu 5.

Trauti wakubwa hawakufa. Walioangamia kwanza ni uduvi na visamaki walioliwa na trauti hao. Mvuvi wa siku zile angerudi nyumbani na kitoweo, akalisifu ziwa. Kumbe uzazi ulikuwa ukikoma! Mwishowe hakuna hata aina moja ya samaki iliyozaa, nao trauti wakakonda kwa njaa. Tindikali ilipopunguzwa tangu mwaka 1984, uhai ulianza kurejea.

Askari anajua: kikosi kisichopata vijana wapya kina siku chache, hata kikijaa mashujaa. Mama naye hupima akiba ya ghalani, si sahani ya leo. Basi tulitazamapo ziwa, tuulize kwanza: watoto wa samaki wako wapi, nao wanakula nini?