Miaka Sita Nikisema "Kizuri"

Mwezi huu naomba nikuungamie jambo. Kwa miaka sita ya ndoa nimekuwa nikimdanganya mume wangu. Usishtuke, si lile unalolifikiria! Ni kuhusu gitaa.

Kila Jumapili jioni, tukishamaliza kula, mume wangu huchukua gitaa lake, anakaa kwenye stuli, mguu wa kushoto anauweka juu ya kigoda, anaanza kupiga. Si gitaa la dansi wala la kwaya. Ni lile la klasiki, la nyuzi za nailoni, linalopigwa kwa vidole na kucha, bila waya, bila spika na bila mwimbaji. Akimaliza ananigeukia: "Umekionaje?" Nami najibu: "Kizuri."

Ukweli ni kwamba nilikuwa sijasikia kitu. Kichwani nilikuwa napanga bajeti ya wiki, au nasoma meseji za mashosti. Kwangu mimi vipande vyake vyote vilikuwa kimoja: tiriri, tiriri, tiriri, basi.

Mwaka jana akaacha kuniuliza. Mwanzoni nilifurahi, nikaona nimepumzishwa. Baadaye akawa anakwenda kupigia chumba cha wageni, na mlango anaufunga. Jamani, mlango ukianza kufungwa ndani ya nyumba ya watu wawili, hilo si suala la muziki tena.

Desemba ikafika, tukaenda nyumbani Kagera. Wahaya mnatujua, Krismasi haituachi mjini. Siku mbili tulikaa Bukoba kwa wazazi wangu, halafu tukashika barabara ya kusini kwenda Muleba, Kamachumu, ukweni. Gitaa tulisafiri nalo tangu Dar. Nilidhani anataka kumpigia baba yake. Usiku wa pili nikamkuta chumbani anapigilia msumari ukutani.

"Nitaliacha huku," alisema. "Dar linakaa tu."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kumjibu.

Sikulala vizuri. Nilijiuliza, hivi mimi sipendi muziki? Haiwezekani. Nimezaliwa Bukoba. Nimekua nikisikia enanga kwenye harusi na kwenye ngoma za wazee. Kwa wasioijua, enanga yetu ni ubao uliochongwa kama kihori, umelazwa, na uzi mmoja umepitishwa kwenda na kurudi mpaka ukawa nyuzi kadhaa. Ng'ambo ya pili, Uganda, Waganda nao wana ennanga, ila yao ni kinubi chenye shingo iliyopinda. Jina ni moja, vyombo viwili. Hiyo enanga ya kwetu mpigaji wake huimba habari za watawala na mashujaa, na si habari fupi. Profesa Mugyabuso Mulokozi mwaka 1983 aliandika makala nzima akijadili kama waimbaji hao ni watunzi wa tendi.

Sasa ukisikiliza enanga, au ukisikiliza Saida Karoli wetu aliyetikisa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa Kihaya, una pa kushika. Unashika maneno. Hata Mmakonde asiyejua Kihaya alishika neno mojamoja akaimba nalo. Gitaa la klasiki halina neno hata moja. Mimi nilizoea kuingia kwenye muziki kwa mlango wa maneno, na kwa mume wangu mlango huo haupo. Nilibaki nje miaka sita, na badala ya kusema "nifungulie", nikasema "kizuri".

Aliyenifungulia ni mtoto wa wifi yangu, yuko kidato cha pili. Asubuhi yake nilikuwa jikoni namenya ndizi, akaja na simu: "Anti, njoo uone katuni ya gitaa la mjomba."

Nikaifuta mikono, nikatazama. Kioo cheusi. Vijipau vya rangi vinatoka kulia kwenda kushoto taratibu. Kikifika katikati ya kioo kinawaka, na papo hapo unasikia sauti yake. Kilichokaa juu ni sauti nyembamba, kilichokaa chini ni sauti nene. Kirefu kinadumu, kifupi kinakatika mara moja. Huna haja ya kujua kusoma noti. Mtoto wa miaka mitano anafuata.

Kipande chenyewe nilikitambua. Ni kile anachokipiga zaidi kuliko vyote, Recuerdos de la Alhambra cha Mhispania Francisco Tárrega, aliyeishi 1852 hadi 1909. Alhambra ni kasri la watawala Waislamu pale Granada, na jina la kipande maana yake ni kumbukumbu za kasri hilo. Siku zote nilidhani ni sauti moja inayotetemeka kama mtu mwenye baridi. Kumbe! Kwenye picha walikuwa wawili. Juu kulikuwa na vinukta vya njano, vidogo, vimepangana kimo kimoja kama shanga, vinashuka au kupanda kwa utaratibu. Chini kulikuwa na vijipau vya bluu vinavyotembea, vinapanda na kushuka, havitulii. Wa juu anasema jambo lake polepole. Wa chini anazunguka nyumba nzima kumtafuta.

Nikamwambia kijana arudishe mwanzo. Tukaangalia mara tatu, mama mkwe akauliza ndizi zimefia wapi.

Mara ya tatu nikaona kitu kingine. Kipande kinaanza kwa huzuni, halafu mbeleni hewa inabadilika, kama dirisha limefunguliwa. Nilikuwa nimeisikia hiyo hewa kwa miaka sita bila kujua imetoka wapi. Kwenye picha, baadhi ya vinukta vimepanda kidogo mno, hatua ndogo kabisa ambayo gitaa linaweza kupiga, tundu moja tu la shingo. Hicho tu! Wajuzi wanasema muziki umetoka kwenye mina kwenda meja. Mimi nasema mtu alikuwa amenuna, kisha akainua uso.

Mchana nikamfuata mume wangu kibarazani. Nikamwambia: "Kwenye kile cha Alhambra, kidole gumba ndicho kinachotembea. Vile vingine vitatu vinamngojea juu."

Akanitazama. "Nani kakwambia?"

"Nimeona."

Akakaa kimya, akaingia ndani, akalitoa gitaa kwenye msumari. Hakupiga kipande chote. Alianza na kidole gumba peke yake, polepole, ile sauti ya chini tu. Mwenzangu, ile peke yake ni wimbo kamili! Kisha akanionyesha: gumba linapiga mara moja, halafu kidole cha pete, cha kati na cha shahada vinagonga uzi mmoja, kimoja baada ya kingine, kisha gumba tena. Nne, nne, nne, kwa kasi, mpaka sikio linadanganyika kwamba sauti ya juu haikatiki. Kumbe gitaa, ukilicharaza uzi, sauti inaanza kufa saa hiyohiyo. Ule mtetemo ni ujanja wa kuifanya isife. "Imenichukua miaka minne vidole vitatu vilingane," alisema. Miaka minne! Miwili kati ya hiyo nilikuwa naye sebuleni.

Niliporudi Dar nikataka kujua nani kabuni mambo haya. Anayetajwa zaidi ni Mmarekani Stephen Malinowski, ambaye mwaka 1985 alitengeneza programu ya kompyuta aliyoiita Music Animation Machine, na vijipau vyake vimeigwa dunia nzima. Kabla yake, mwaka 1940, filamu ya Fantasia ya Walt Disney ilifungua kwa muziki wa Bach ukichorwa kwa mistari na maumbo. Na wazo la noti kuwa alama inayosogea lina undugu na piano za zamani zilizojiendesha kwa karatasi yenye matundu.

Ila kilichonifurahisha ni cha huku kwetu. Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, alifika Kampala mwishoni mwa miaka ya 1950 akajifunza amadinda, ile marimba ya Waganda, kwa Evaristo Muyinda. Huko aliona jambo la ajabu: wapigaji wanagawana noti, huyu anapiga yake na huyu anapenyeza yake katikati, na msikilizaji anasikia wimbo wa tatu ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Aliandika juu yake mwaka 1962. Mwaka 1965 akachapisha njia aliyoitumia kwa marimba ya mangwilo ya kaskazini mwa Msumbiji: alipiga filamu isiyo na sauti, akaitazama picha moja baada ya nyingine, akaweka alama kwenye karatasi ya miraba kila fimbo ilipogusa ubao. Yaani sikio liliposhindwa kutenganisha nani kapiga nini, jicho likasaidia. Ndicho kilichonipata mimi jikoni Kamachumu.

Na usifikiri gitaa la vidole ni la Wazungu peke yao. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga "Masanga" kwa kidole gumba na cha shahada tu. Wasikilizaji wengi waliapa kuna magitaa mawili. Msikilize leo usiku, halafu jaribu kuhesabu watu.

Sasa, isije ikaonekana nauza dawa ya maajabu. Baba mkwe alitazama ile video mpaka mwisho, akarudisha simu kwa mjukuu wake. "Waitu, enanga mimi niliisikiliza gizani," alisema. "Hizo rangi zimekuonyesha sauti iko wapi. Hazijakuonyesha mkono umelala vipi." Na ana haki. Nyingi ya picha hizi zimetengenezwa kwa noti zilizoandikwa kwenye kompyuta, kwa hiyo vijipau vinatembea sawasawa kama askari wa gwaride. Mume wangu hatembei hivyo. Pale hewa inapobadilika yeye huchelewa kidogo, kama mtu anayesita mlangoni kabla ya kubisha. Halafu anaweza kupiga noti ileile karibu na daraja la gitaa ikatoka kali, au juu ya tundu ikatoka laini. Kwenye kioo, kijipau ni kilekile. Isitoshe, ukizoea kutazama, macho yanakimbia mbele, yanajua kinachokuja kabla sikio halijafika.

Ndiyo maana nakushauri hivi. Kama mwenzi wako anapenda kitu usichokielewa, na kitu hicho ni muziki wa ala tupu, mfanye hivi kwa jioni moja. Kwanza, tazameni video kipande kizima, wewe ukifuata rangi moja tu, ya chini. Watu wengi hufuata ya juu, ya chini ikapotea. Pili, itazame tena bila sauti, ujaribu kuikumbuka. Tatu, zima simu kabisa, mwombe apige, au muweke rekodi ya mpigaji wa kweli, na wewe ufumbe macho. Akimaliza akakuuliza umeionaje, ruksa kusema "pale katikati nilipotea". Jibu hilo ni bora mara mia kuliko "kizuri", maana "kizuri" haina la kuendeleza. Lile lingine anaweza kukurudisha ulipopotelea.

Na wewe mwenye kipaji, usimlaumu mwenzako haraka. Huenda hajakataa kuingia. Huenda hajauona mlango, na wewe umezoea kuupita bila kufikiri. Mume wangu alikiri kwamba miaka yote sita hakuwahi hata mara moja kunipigia kidole gumba peke yake. Alidhani nasikia anachosikia yeye.

Sitakudanganya kwamba sasa nimekuwa mjuzi. Jumapili iliyopita alipiga kipande kipya cha Bach, nikasinzia kabla ya nusu. Nilipozinduka nikamwambia nilifika mpaka sauti mbili, ya tatu ikanishinda. Akacheka, akairudia ile ya tatu peke yake.

Gitaa tulirudi nalo Dar, kwenye basi nilikaa nalo magotini mimi. Msumari tuliuacha ukutani Kamachumu. Mama mkwe ametundika kalenda.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.