Miti Ndiyo Inayoleta Upepo

Mtoto wa miaka minne au mitano akisema miti ndiyo inayoleta upepo, watu wazima hucheka, kisha humsahihisha. Toleo hili linawaomba walimu wa elimu ya awali wasiwe na haraka hiyo. Mtoto ameona matawi yakitikisika. Amemwona mama akipepea jiko la mkaa kwa kipande cha boksi, hewa ikamfikia usoni. Ameunganisha mambo mawili aliyoyaona mwenyewe, na huko ndiko kufikiri.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliyachukulia kwa uzito majibu ya namna hii. Katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu namna watoto wanavyoeleza visababishi vya mambo ya asili, wapo wadogo wanaosema mawingu husogea kwa sababu sisi tunatembea. Tembea na mtoto siku ya mawingu, umuulize.

Baada ya mvua, chora kwa kijiti ukingo wa dimbwi lililo uani, watoto warudi kulitazama kila mapumziko. Ukiwauliza maji yamekwenda wapi, huenda wakasema ardhi imeyanywa. Ni jibu zuri, tena lina ukweli ndani yake. Usikimbilie kuwatajia mvuke. Mimina maji kidogo kwenye sahani ya bati, iache juani hadi ikauke, uulize tena: je, na sahani imekunywa? Hapo mtoto hukwama, na kukwama huko kunamfaa kuliko wiki nzima ya kukariri.

Kinachotuuma ni chati za ukutani. Bado tunakuta chati za misimu minne ya Ulaya, zenye theluji na majani yanayopukutika, mbele ya watoto wa pwani wanaosikia nyumbani masika, vuli, kipupwe, kusi na kaskazi. Mtoto wa mvuvi anajua kusi ikivuma sana baba haendi baharini. Kwa nini maarifa hayo yaishie mlangoni mwa darasa?

Radi ni jambo jingine. Aliyejificha chini ya kitanda anahitaji kwanza mtu wa kumshika. Akishatulia, kanuni moja inatosha: usijikinge chini ya mti.

Kwa toleo lijalo, walimu, tuleteeni maneno ya watoto kama walivyoyasema, kwa lugha waliyoitumia, pamoja na umri wao na hali ya hewa ya siku hiyo. Majina yao msiyaandike, na sentensi zao msizinyooshe.