Ngitili ndiyo hifadhi ya mtoto wa Kakola

KIVULI CHA MKWAJU
Na Kabula Maganga

Jumapili iliyopita mtoto wa jirani yangu, mwenye miaka 8, alipiga magoti chini ya mgunga akaita kwa sauti: "Mama Limbu, njoo uone duara!" Nilishtuka. Huku kwetu duara si mchoro wa daftarini, ni shimo la dhahabu, na mama yeyote wa ukanda huu akisikia mtoto anataja duara porini hukimbia kwanza, kuuliza baadaye. Nilimkuta ameinamia kishimo kisichozidi upana wa kizibo cha soda, kimechimbwa kwenye vumbi laini, kuta zake zimeteremka sawasawa kama faneli.

Sisimizi alikuwa anahangaika ndani. Kila akipanda, mchanga unaporomoka naye. Kutoka chini kabisa, kitu kisichoonekana kilikuwa kinarusha chembe za mchanga juu, zinamgonga, anateleza tena. Mara ya nne hakupanda. Taya mbili zilichomoza, zikamvuta chini, vumbi likatulia. Watoto 5 walikuwa wameinama pale, hakuna anayekohoa.

Yule wa miaka 8, ambaye baba yake ni mchimbaji mdogo, ndiye aliyevunja ukimya: "Hajaweka matimba, ndiyo maana linaporomoka." Nikamwambia mwenye shimo hili hahitaji magogo ya kuzuia udongo, anataka liporomoke, hapo ndipo anapopatia chakula. Tulifukua taratibu kwa kijiti tukamtoa: kijidudu cha kijivu, kinene kiunoni, kinachotembea kinyumenyume. Nikawaeleza kwamba siku moja kitaota mabawa membamba, kitafanana na kereng'ende, na hakitachimba tena maisha yake yote. Walinitazama kama ninawadanganya. Tulikirudisha mchangani, kikazama kwa makalio, na saa nzima iliyofuata watoto wale walikuwa wanahesabu mashimo chini ya kila mti. Walifika 43 kabla ya njaa kuwarudisha kwenye mkeka.

Tulikuwa ndani ya ngitili, upande wa Kahama.

Msomaji wa kanda nyingine huenda neno hili ni geni kwake. Ngitili ni eneo ambalo Msukuma hulifunga mvua zinapoanza, mifugo isikanyage, nyasi na miti vipumue. Kiangazi kikikomaa, malisho ya nje yakiisha, ndipo hufunguliwa, na ng'ombe huingia kwa zamu. Nyingine ni za kaya, nyingine za kijiji kizima. Mlinzi wake si askari mwenye bunduki. Ni sungusungu na dagashida, baraza la wananchi lenye kanuni zake, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati hutozwa mchenya, yaani faini, mbele ya majirani zake.

Wazee wetu walikuwa na hifadhi kabla neno hifadhi halijabandikwa kwenye kibao barabarani. Na tuliipoteza. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilihimiza kufyeka mapori ya Usukuma ili kumwangamiza mbung'o, halafu pamba ikadai mashamba, mifugo ikaongezeka, na wakati wa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 watu walihamishwa wakaziacha ngitili zao nyuma. Kufikia 1986 zilizobaki mkoani Shinyanga, enzi hizo mkoa ukiwa bado na Bariadi, Maswa, Meatu na Bukombe ndani yake, zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Mwalimu Nyerere aliuona mkoa huu ukigeuka jangwa, na mwaka huo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wote tuliuita HASHI, ukaanza.

Jambo ninalolipenda katika habari ya HASHI ni kwamba wataalamu walifika na miche ya kupanda, kisha wakawa na busara ya kuwasikiliza wazee waliowaambia: fungeni tu, mizizi iko chini, itachipua yenyewe. Ilichipua. Kufikia 2004 ngitili zilizorudishwa zilikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Watafiti walihesabu ndani yake aina zaidi ya 150 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na ndege wa aina zaidi ya 140. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator inayotolewa na Umoja wa Mataifa. Sijui nchi nyingine ambako mkulima na mfugaji wamerudisha pori kiasi hicho kwa kanuni za bibi na babu zao, na hilo nalisema kwa fahari.

Sasa nauliza wazazi wa Kakola, Bugarama, Bukoli, Kahama na Geita: mara ya mwisho kumpeleka mtoto ngitilini ilikuwa lini? Simwulizi yule anayemtuma mtoto kuni. Namuuliza anayekwenda naye, wakae, waangalie.

Najua majibu, maana nimeyasikia kibarazani kwangu. La kwanza: matembezi porini ni mambo ya Wazungu. Ndugu zangu, babu yako alijua kila mti kwa jina na kwa kazi yake, kwa dawa na kwa mpini wa jembe. Alijua kanga wanataga wapi na nyuki wanakunywa maji saa ngapi. Kama hayo ni ya Wazungu, basi sisi tuna nini?

La pili lina uzito zaidi, na mama mmoja alinieleza kwa uchungu. Alisema: "Mimi nimekulia porini nyuma ya ng'ombe, sikumaliza shule. Mwanangu namtaka darasani, si machakani." Namwelewa kabisa, na nisingethubutu kumbishia. Lakini mtoto yule wa duara yuko darasani siku 5 kwa wiki. Anaweza kukutajia karasha, zebaki na mwalo, na gramu ya dhahabu imefika bei gani. Nilipomwonyesha mninga aliniuliza kama ni mwembe. Mninga! Mti ambao kitanda anacholalia kimetengenezwa nao, na ambao yumkini baadhi ya ndugu zake wako chini ya ardhi sasa hivi wamesimama kama matimba, wanazuia mawe yasimwangukie baba yake. Mtoto wa ukanda wa dhahabu anaishi juu ya msitu bila kuujua, na akiwa na miaka 20 ndiye tutakayemkabidhi shoka au ulinzi, mojawapo.

La tatu ni hela. Hapa nasema wazi: Rubondo ni kisiwa cha ajabu, kiko katika mkoa wa Geita, ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977, na sokwe wake ni uzao wa wale walioletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969, wakaachiwa msituni wakajifunza upya kuishi kama sokwe. Natamani kila mtoto wa huku afike. Ila boti, malazi na kiingilio kwa familia ya watu 6 si jambo la kila mwezi. Kisiwa cha Saanane pale Mwanza ni chepesi zaidi. Kipo ndani ya jiji, boti ni dakika chache kutoka Capri Point, eneo lake halifiki hata kilomita 3 za mraba, kwa hiyo miguu ya mtoto wa miaka 6 inalimudu. Kuna pimbi wanaoota jua juu ya mawe na mijusi wenye vichwa vyekundu ambao watoto hawataki kuachana nao. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayetoka Geita hapotezi tena nusu siku akisubiri kivuko. Wekeni akiba, mwaka mara moja mwende.

Wiki zile nyingine 51, ngitili ipo, na haina kiingilio. Ina adabu tu. Kamsalimie mwenye ngitili au mwenyekiti wa kitongoji jioni ya kuamkia siku yenyewe, umwambie unakuja na watoto wangapi. Nilipofanya hivyo, mzee wa pale alicheka, akasema hajawahi kuombwa ruhusa ya kuja kukaa, huombwa ya kukata tu. Kisha akaja mwenyewe asubuhi, fimbo mkononi. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitikia na kuwafundisha kusema "Mwangaluka", maana wawili kati yao walikuwa hawaijui salamu ya nyumbani kwao. Aliwaonyesha mkwaju, akawapa wamung'unye, nyuso zikakunjamana kwa uchachu.

Vaeni viatu vinavyofunika vidole, miiba ya mgunga haina huruma na nyoka wapo. Maji ya kunywa mbebe ya kutosha. Kiberiti kibaki nyumbani, kwani ngitili ya kiangazi ni petroli. Na kwa eneo letu naongeza lisilosemwa kwingine: uliza kwanza kama kuna maduara yaliyoachwa, kwa sababu majani huyafunika mdomo, na mahali palipowahi kuwa mwalo wa kuoshea dhahabu mtoto asichezee maji wala tope. Humo zebaki haionekani wala hainuki.

Kwa madiwani wetu nina ombi moja. Halmashauri za huku zinapokea ushuru wa huduma kutoka migodini, na mipango ya migodi ya uwajibikaji kwa jamii hupitia kwenu. Madarasa na zahanati ni lazima, sipingi hata kidogo. Lakini chagueni ngitili moja tu iliyo karibu na mji, mkubaliane na wenyewe, mchonge njia ya miguu, mwandike majina ya miti kwa Kisukuma na Kiswahili, mweke benchi mbili kivulini na mumlipe mzee mmoja awe mwalimu wa Jumamosi. Gharama yake haifiki ya choo cha shule.

Tuliporudi jioni, pikipiki zikitupita na vumbi la barabara ya Kakola likitanda, yule mtoto alikuwa kimya. Nilidhani amechoka. Karibu na kwao akaniuliza kama mdudu wake akishaota mabawa atalikumbuka shimo lake. Nikasema sijui, tumuulize babu. Kesho yake saa 12 asubuhi alikuwa mlangoni kwangu na sare za shule, anataka kujua babu anapatikana siku gani.