Mgonjwa Asiyechongwa

Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, nchini Kenya, mtu aliyepigwa rungu la kichwa, maumivu yakakataa kuisha, alipelekwa kwa omobari. Huyu alikuwa fundi wa kupasua kichwa, na mara nyingi aliirithi kazi hiyo kwa baba yake. Ndugu walimshika mgonjwa, ngozi ya kichwa ikachanjwa na kufunuliwa, kisha fundi akaukwangua mfupa kwa kifaa cha chuma chenye ncha iliyopindwa, kidogo kidogo, huku jeraha likimwagiwa maji ili damu isimzibie macho. Umahiri wote ulikuwa katika kujua pa kukomea. Chini ya mfupa kuna utando unaofunika ubongo, na ukitoboka huo mgonjwa yumo hatarini. Tiba hii haikukusudiwa kufukuza pepo, kama wageni walivyozoea kudhani kila walipoona fuvu lenye tundu. Ilikuwa tiba ya jeraha na ya kichwa kinachouma baada ya jeraha, na madaktari walioichunguza katika karne ya 20 walikubaliana kwamba wengi wa waliopasuliwa walipona.

Ulaya ina picha mashuhuri ya kupasuliwa kichwa. Imo katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya Hieronymus Bosch, mchoraji aliyefariki mwaka 1516. Mgonjwa ameketi kwenye kiti uwanjani, daktari amemwinamia na kisu, na eti anamtoa jiwe la wazimu. Lakini daktari amevaa faneli kichwani badala ya kofia, kinachochomoza katika jeraha ni ua, na mtawa wa kike anatazama akiwa amejitwika kitabu. Ni dhihaka tupu: mgonjwa ni mjinga, na mganga ni laghai. Akitazama picha hiyo, mtu hajifunzi lolote kuhusu mfupa wala utando. Anajifunza kwamba watu wa zama zile waliwacheka matapeli, na waliwacheka zaidi wanaowaamini.

Kwa Abagusii, watu wa Kisii na Nyamira, mambo yalikwenda kinyume. Upasuaji ulikuwapo, tena wa kweli, lakini hakuna mchongo wala mchoro wa kale wa Kigusii unaojulikana wenye kumwonyesha omobari akiwa kazini. Picha zilikuja na madaktari wa kigeni. Mwaka 1958 J. G. Grounds aliandika juu ya tiba hiyo katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki. Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950, alichapisha uchunguzi mrefu mwaka 1967, na mwaka 1985 kundi la madaktari likaandika tena juu ya mafundi wa Kisii. Kumbukumbu hizo zina thamani kubwa, maana bila hizo mengi yangepotea pamoja na mafundi wenyewe. Hata hivyo, picha ya kitabibu ina desturi yake. Hukaribia kidonda, kovu na chombo, na humwacha nje mke aliyemshika mgonjwa mkono, boma, na ugomvi uliolileta lile rungu. Msomaji wa London aliona fuvu. Jirani wa Nyamira alikuwa akimwona mtu anayemjua kwa jina.

Mfano wa kale zaidi wa picha ya namna hiyo unatoka Uganda. Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia mama akipasuliwa tumbo ili kujifungua, mahali paitwapo Kahura, Bunyoro. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1884 katika jarida la madaktari wa Edinburgh pamoja na mchoro. Mama amelazwa kitandani, amefungwa kwa nguo ya magome, na wanaume wamemzunguka, mmoja ameshika kisu. Pombe ya ndizi ilitumika kumlevya na pia kuoshea mikono na tumbo. Jeraha likabanwa kwa vijiti vya chuma, likafunikwa kwa dawa ya mizizi iliyotafunwa. Mchoro huu umechapishwa mara nyingi. Watazamaji wake wa kwanza walikuwa madaktari wa Scotland, ambao kwao upasuaji wa namna hiyo bado ulikuwa wa kuogopwa kwa idadi ya mama waliokufa. Ndiyo maana mkazo wote umewekwa kwenye kisu na mikono. Jina la mama halipo, wala la fundi.

Zipo picha za ugonjwa zilizotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wenyewe, na hizo husema kwa namna nyingine kabisa. Kati ya 1512 na 1516 Matthias Grünewald alichora picha za altare ya Isenheim, ambazo leo zimo Colmar, Ufaransa. Iliyozilipia ni nyumba ya watawa wa Mtakatifu Antonio, waliowauguza watu wenye maradhi yanayoletwa na kuvu wa nafaka: viungo viliwaka kama moto, vikawa vyeusi, vikakatika. Mwili wa Kristo msalabani una vidonda na rangi ya mtu anayeoza, na pembeni mwa picha nyingine ameketi kiumbe aliyevimba tumbo, ngozi imejaa majipu. Waliopelekwa mbele ya altare hiyo waliona mwili unaofanana na wao. Kusini-magharibi mwa Kongo, Wapende wana kinyago cha mbangu, nusu ya uso nyeusi na nusu nyeupe, pua na mdomo vimepinda upande mmoja. Huyo ni mgonjwa, na kwa maelezo ya Wapende ni mtu aliyerogwa. Mbangu huchezwa hadharani, mbele ya watu ambao huenda wana ndugu au jirani aliyepooza uso, aliyeungua motoni kwa kifafa au aliyeachwa na makovu ya ndui. Kinyago kikining'inizwa ukutani katika jumba la makumbusho, wataalamu wa mishipa ya fahamu husimama mbele yake na kutaja jina la ugonjwa. Pengine hawakosei, ila swali la uwanja wa ngoma lilikuwa jingine: ni nani aliyemfanyia hivi?

Huko Uganda, shule ya sanaa ya Makerere ingeweza kufungua njia nyingine ya kuuonyesha ugonjwa. Margaret Trowell alianza kufundisha huko mwaka 1937, na mumewe, Hugh Trowell, alikuwa daktari wa hospitali ya Mulago aliyeshughulika kwa miaka mingi na kwashakoo. Sanaa na wodi zilikaa nyumba moja. Bado wanafunzi wa mwanzo walipendelea kuchora maisha ya kijijini na habari za Biblia, na mtoto aliyevimba miguu akabaki katika vitabu vya Hugh.

Kwa Kisii swali la nani huuonyesha ugonjwa, na kwa ajili ya nani, huishia Tabaka, Mugirango Kusini, kwenye machimbo ya mawe laini yanayoitwa mawe ya sabuni. Zamani mawe hayo yalitoa bakuli, viko na mbao za bao. Biashara ya utalii ilipokua, vikaja viboko, tembo, vibao vya chess, na ile familia iliyokumbatiana, baba, mama na mtoto wasio na nyuso, inayouzwa kuanzia barabara za Kisii hadi maduka ya Nairobi na ng'ambo. Wachongaji wakubwa walikwenda mbali zaidi: kazi ya Elkana Ong'esa ya ndege wa amani imesimama makao makuu ya UNESCO, Paris. Katika wingi huo wote mgonjwa ni nadra kupita kiasi. Malaria ya milipuko iliyozikumba Kisii na Gucha mwaka 1999 haikuacha alama inayojulikana kwenye jiwe. Sababu haihitaji falsafa. Mtalii hanunui homa. Jiwe lenyewe, likishasuguliwa kwa msasa na maji hadi ling'ae, huupa kila mwili ngozi isiyo na kasoro, na mnunuzi hulipia ung'avu huo. Wakati huohuo vumbi la kukata na kupasua jiwe kavu huingia mapafuni mwa wachongaji, wengi wao wakifanya kazi bila kinga ya pua. Sanaa isiyouonyesha ugonjwa inao wagonjwa wake.

Isidhaniwe basi kwamba Abagusii hawakuwa na namna ya kuusawiri ugonjwa. Walikuwa nayo, katika maneno, nyimbo na matanga. Obokano, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito, kilisindikiza nyimbo zilizosimulia mambo ya watu, na uchawi kama chanzo cha maradhi umejadiliwa Gusii kwa ukali, kama mwanaanthropolojia Robert LeVine alivyoonyesha katika maandishi yake juu ya jamii hiyo tangu miaka ya 1950. Sanaa ya aina hii haining'inizwi ukutani, hivyo wanahistoria wa sanaa wameiruka, wakiwaachia wanaanthropolojia. Vyuma vya omobari navyo vimeachiwa madaktari, ingawa vilifuliwa kwa mkono uleule wa mhunzi uliofua majembe na mikuki, na mkunjo wa ncha zake unastahili kutazamwa na mtu anayejua ufundi wa chuma.

Toleo hili, ambalo hii ni dibaji yake, limepangwa kwa kuzingatia hayo yote. Kila picha ina maelezo yanayotaja aliyeitengeneza, aliyeilipia na waliotarajiwa kuitazama, pale habari hizo zinapojulikana. Nyimbo na vyombo vya kazi vimepewa kurasa sawa na michoro. Picha za waliopasuliwa vichwa katika miaka ya 1950, ambazo hazina ushahidi kwamba wenyewe walikubali zisambazwe, zimeelezwa kwa maneno na hazikuchapishwa.