BUBA NA NYANI WETU

Wazee wetu wanaikumbuka buba. Wanakumbuka vidonda vyake vilivyoanza kwa watoto wadogo na, visipotibiwa, vikaishia kula mifupa na kuharibu nyuso. Wanaikumbuka pia sindano ya penisilini. Tangu 1952 hata 1964 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF waliendesha vita juu ya maradhi haya katika nchi 46. Watu wapatao milioni 50 walitibiwa, na buba ikapungua kwa asilimia 95. Ndipo dunia ikalala.

Nasi twasema haikufaa kulala. Mdudu wa buba yumo humu humu nchini, katika miili ya nyani. Nyani wa Ziwa Manyara wameonekana na vidonda vibaya vya sehemu za siri, na uchunguzi uliotangazwa 2018 uliwakuta nyani, tumbili na kima wa sehemu mbalimbali za Tanzania wakiwa na maambukizo. Vijidudu vyao ni jamaa wa karibu mno wa vile vya buba ya binadamu. Hata nzi wa Manyara walikutwa na alama zake.

Tusieleweke vibaya. Haijathibitishwa kuwa mwananchi yeyote ameambukizwa na nyani, na atakayeshika upinde kwenda kuwaua atakuwa mkosaji wa sheria na wa akili pia. Lakini mdudu aliyetolewa katika nyani wa Guinea miaka ya 1960, alipopandikizwa kwa binadamu, alishika.

Linalotukera ni hili: Bwana Nyama humtazama nyani, Bwana Afya humtazama mtoto, na wawili hao hawakutani. Twataka wakutane. Watoto wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wakaguliwe ngozi shuleni, na mabalozi wa mashina wawahimize wazazi kuwaleta. Dawa si tatizo, kwani tangu 2012 yajulikana kwamba dozi moja ya azithromaisini ya kumeza yatosha. Dunia imeazimia kuifuta buba ifikapo 2030, na nchi iliyokuwa nayo zamani haiwezi kuapa kuwa imekwisha pasipo kuitafuta.

Nao wasafiri wanaowatupia nyani ndizi kando ya barabara ya Mto wa Mbu, waache mara moja.