Kompresa ya urithi: itengenezwe au ibadilishwe?



Ndugu msomaji, si kawaida ya safu hii kuzungumzia mashine. Lakini mashine ninayotaka kuizungumzia leo ilikuwa uani kwa watu, hatua chache kutoka jikoni na kutoka jamvi wanaposomea watoto, tena ilikuwa mali ya mirathi. Kwa hiyo suala lake lilikuwa la familia kabla ya kuwa la gereji.

Kamati ya msikiti wetu hapa Tabora ilimwagiza fundi seremala wa mtaani atutengenezee makabati mawili ya kuwekea misahafu, kwa mbao za mninga, yawe tayari kabla ya Ramadhani. Kazi ya randa na patasi aliifanya kwa ustadi. Tatizo lilijitokeza kwenye vanishi. Milango ya kabati la kwanza ilitoka na vitone na mabaka meupe, mfano wa kioo kilichopatwa na ukungu. Akapiga msasa, akapulizia upya, na mabaka yakarudi. Kwa kuwa mimi ni katibu, nikatumwa kwenda kuuliza kulikoni.

Nilimkuta amechuchumaa mbele ya kompresa aliyoiacha marehemu baba yake. Mzee yule, Allah amrehemu, aliinunua ikiwa mtumba, akaitumia kwa miaka mingi, na kwa mashine hiyo akawasomesha watoto wake watano. Sasa ilikuwa inachukua muda mrefu kujaa upepo, na mota ilikuwa ikinguruma bila kupumzika.

"Ustadhi," fundi akaniambia, "hii imezeeka tu, haijafa. Nipeni siku mbili."

Hapa ndipo penye swali linalowakabili wengi wenye karakana nyumbani: mashine kuukuu itengenezwe au inunuliwe nyingine? Jibu huwa jepesi tukikumbuka kwamba kompresa ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja, wala havizeeki kwa namna moja. Kuna kichwa, ambacho kwa nguvu ya mota huvuta hewa na kuisindika. Na kuna tangi, ambalo huihifadhi.

Maradhi ya kichwa mengi yana dawa. Kichujio cha hewa kikiziba kwa vumbi la mbao, mashine hukosa pumzi. Kinasafishwa au kinabadilishwa. Ringi za pistoni zikilika, upepo hupungua na oili hupanda pamoja nao; ringi mpya zinafungwa. Gasketi ikipasuka inakatwa nyingine. Mkanda ukilegea unakazwa. Valvu inayozuia upepo usirudi nyuma ikichoka, mota hushindwa kuanza tena kwa sababu inasukumana na upepo uliokwisha kuingia tangini, nayo hubadilishwa. Mota inayonguruma bila kuzunguka mara nyingi ni kapasita iliyokufa, au ni waya mwembamba mrefu usiofikisha umeme wa kutosha. Mwenye subira na fundi mwaminifu anaweza kukifufua kichwa kwa gharama ndogo, na kukitupa chuma kizima kwa ajili ya ringi ni katika israfu.

Tangi si hivyo. Hewa ina mvuke wa maji ndani yake, hasa katika majira yetu ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Hewa ikisindikwa kisha ikapoa, mvuke ule hugeuka maji na kutuama chini ya tangi. Ndiyo maana watengenezaji huweka koki ndogo chini kabisa, ili maji yatolewe kila siku. Yasipotolewa, hufanya mambo mawili: mengine hufuata mpira wa upepo mpaka kwenye vanishi, na ndiyo yaliyotia mabaka kwenye milango yetu, mengine hubaki na kuila bati polepole kwa ndani, mahali jicho lisipofika.

Tulizima mashine, tukatoa upepo wote, kisha fundi akahangaika na ile koki, ambayo ilikuwa imeganda kwa kutu na rangi. Ilipofunguka yakatoka maji ya rangi ya chai, zaidi ya lita mbili. Akajaza upepo kidogo sana, akapaka povu la sabuni chini ya tangi. Mahali pamoja povu likaanza kuchemka. Pembeni yake tukaona kiraka cha zamani: marehemu naye aliwahi kulichomelea.

Fundi akasema, "Nitapiga kiraka kingine, nimalize makabati, halafu Ramadhani ikiisha nitatafuta tangi."

Sitaki kujifanya kwamba nilikataa mara moja. Mwenyekiti alikuwa akinipigia simu kila jioni, na waumini waliochangia walikuwa wakiuliza. Lakini alasiri ile watoto wapatao ishirini walikuwa wameanza kuingia uani na juzuu zao, maana mke wa fundi huwasomesha Qur'ani chini ya mwembe, na mashine iko nyuma ya migongo yao.

Basi tupige hesabu. Kompresa ile hufanya kazi kwa nguvu ya bar 8, yaani kila sentimita moja ya mraba ndani ya tangi husukumwa kwa uzito wa kilo 8 na ushei. Ubavu wa tangi lenye kipenyo cha sentimita 40 una sentimita za mraba zipatazo 1,250. Zidisha, utapata takribani tani 10 zinazousukuma ubavu mmoja. Bati jipya limetengenezwa kuubeba mzigo huo, lakini bati lililoliwa na kutu halina ahadi hiyo. Tena kutu haili nukta moja. Tundu ni mahali ilipotokezea tu, na bati linalolizunguka limekwisha kuwa jembamba. Anayechomelea anaziba tundu analoliona na kuacha udhaifu asiouona. Hewa iliyosindikwa ni kama mtego uliotegwa: tangi likipasuka, nguvu yote hutoka kwa mara moja, na vipande vya chuma huruka.

Kwa sababu hiyo wataalamu hulipima tangi kwa kulijaza maji na si hewa, kwani maji hayasindikiki, na bati likishindwa huvuja bila kulipuka. Nchini kwetu ukaguzi wa mitungi ya shinikizo katika sehemu za kazi uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003. Mwenye shaka na tangi lake asione haya kuuliza huko, au kwa walimu wa ufundi wa VETA.

Niliirudishia kamati habari hiyo, nikaomba muda. Mzee mmoja wa kamati alitukumbusha historia ya mji wetu. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilisimama hapa Unyanyembe kabla ya njia kugawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Hapa wapagazi walipumzika na mizigo ikapangwa upya. Livingstone alikaa kwenye tembe la Kwihara tangu Machi hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi. "Mji huu," mzee akasema, "haujapata kumwona mtu aliyepata hasara kwa kukaa. Waliopata hasara ni walioondoka vibaya." Kamati ikakubali makabati yachelewe.

Likabaki suala la fedha. Wapo waliotaka fundi akopeshwe kutoka mfuko wa msikiti. Nilieleza kwamba fedha ile ni amana iliyotolewa kwa shughuli za msikiti, na hatuna idhini ya waliotoa kuikopesha kwa mtu binafsi. Lakini makubaliano yetu naye ni ya istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe kwa sifa na bei maalumu, na katika mkataba wa namna hiyo inajuzu kutanguliza bei au kuilipa kwa mafungu. Tukamlipa mapema sehemu ya ujira aliyokuwa aipate mwishoni, tukaandika, na mashahidi wawili wakatia saini.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Kompresa haikuwa yake peke yake. Tangu mzee afariki, mirathi haikugawanywa. Fundi aliendelea kuitumia kwa sababu ndiye aliyerithi ufundi, na hakuna aliyesema neno. Angefunga kichwa cha zamani juu ya tangi jipya alilolinunua mwenyewe, mali ya wote ingechanganyika na mali ya mmoja, na ugomvi ungezaliwa hapo. Tukamwomba fundi mwingine asiye jamaa akithamini kichwa na mota. Mama mjane na ndugu watatu walimwachia mafungu yao kwa ridhaa. Dada yao mmoja alilitaka lake, na alipewa siku ile ile bila kununiwa. Mwenye kudai haki yake asionekane kuwa hana huruma.

Tangi jipya likaja kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, lina kibati kinachoonesha nguvu linayoweza kubeba. Kichwa kile kile cha mzee, kwa ringi na gasketi mpya, kikafungwa juu yake.

Tangi la zamani nalo likapata mnunuzi: kijana wa pancha za baiskeli aliyetaka kulichomelea na kulitumia barabarani. Bei aliyoitaja ilikuwa nzuri. Nikawakumbusha ndugu wale kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni Madina, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini kuna unyevu ambao juu haukuonekana, akamkemea muuzaji kwa kuificha aibu ya bidhaa yake. Kumweleza mnunuzi aibu ni wajibu. Lakini hapa hata akielezwa akakubali, madhara yangewafikia wapita njia ambao hawakuulizwa. Fundi akalikata tangi vipande viwili kwa msumeno wa umeme, likauzwa kama chuma chakavu kwa bei ndogo, na fedha ikagawanywa kwa warithi wote kwa mafungu yao.

Nyumba yenye kompresa na ishike haya. Kila jioni zima mashine, punguza upepo, fungua koki utoe maji. Vuta pete ya valvu ya usalama mara kwa mara uone kama inafanya kazi, na usiizibe kamwe. Mashine ikae mbali na wanapocheza watoto. Kichwa kikiugua, kitibu. Tangi likitoboka, usitafute wa kulichomelea.

Makabati yalifika msikitini tarehe 12 Ramadhani, na vanishi yake haina baka. Watoto bado wanasoma chini ya mwembe, ila mashine imehamishiwa nyuma ya ukuta.

Wallahu a'lam. Tukutane wiki ijayo, in shaa Allah.