Mbwa Asiyeshikika

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna mbwa nyumbani. Katika nchi yetu ya Songea ni kazi kuona mji wa mkulima usio na mbwa, maana mahindi yetu yana adui wengi: mchana ngedere na nyani, usiku nguruwe mwitu. Mtoto atumwaye kulinda shamba pasipo mbwa hupiga debe hata mikono imchoke, na nyani humtazama kutoka mtini kama watu watazamao ngoma. Basi mbwa ni mwenzetu wa kazi, wala si pambo. Lakini nataka kuwauliza neno moja, na kila mtu ajijibu kwa kweli moyoni mwake. Je, mbwa wa kwenu aweza kushikwa? Waweza kumwita akaja, ukamvika kamba shingoni, ukamfunua mdomo na kuyatazama meno yake, naye akatulia?

Najua mtakavyojibu. Wengi mtasema, "La, Mwalimu, mbwa wetu ni mkali mno." Nanyi mtalisema neno hilo kwa majivuno. Mimi nasema haifai kujivunia jambo hilo. Mbwa asiyeweza kushikwa na watu wa nyumba yake ni mnyama wa mwitu aliyekaribishwa uani, na siku moja atawagharimu watu wake zaidi ya mahindi yote aliyoyalinda. Nina sababu ya kusema hivyo, na sababu yenyewe ni aibu yangu.

Nalipokuwa na umri kama wenu, kwetu kulikuwa na mbwa mwekundu, jina lake Simba. Marehemu baba yangu alikuwa mtu mwema, walakini katika habari za mbwa alifuata maneno ya wazee wenzake: mbwa akishiba hulala, na mbwa akichekewa hawi mlinzi. Kwa hiyo Simba alifungwa mchana kutwa kwa mnyororo mfupi chini ya mwembe. Jioni alipewa ukoko wa ugali. Kila apitaye alimtupia jiwe au neno baya. Nami, ili azidi ukali, nalimtilia pilipili katika chakula, kwa kuwa wavulana wakubwa waliniambia kwamba ndiyo dawa. Ukali aliupata kweli. Hata mimi niliyemlisha nalikuwa nikikisukuma chakula chake kwa fimbo.

Mwaka ule bwana mifugo alikuja kijijini kuchanja mbwa. Watoto walikusanyika chini ya mti, kila mmoja na mbwa wake, wengine wamefungwa kwa kamba za katani, wengine kwa vipande vya kanga kuukuu. Simba hakwenda. Tulijaribu: ndugu yangu alishika mnyororo, mimi nikaja na kamba, naye akaturukia akapasua mkono wa shati langu. Baba akasema, "Mwacheni, ana afya kuliko ninyi." Jioni bwana mifugo akafunga sanduku lake, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Mahindi yalikuwa hayajakomaa Simba alipobadilika. Aliacha kula. Alijificha gizani nyuma ya kihenge, taya la chini limelegea, mate yanamtiririka. Tulidhani amekwamwa na mfupa. Ndugu yangu alikuwa tayari kumtia mkono kooni autoe, na kama mama asingalitokea wakati ule sijui ningaliandika nini leo. Siku ya pili yake Simba aling'oa mnyororo, akakimbia ovyo, akamwuma binti wa jirani, mtoto wa miaka 7 aliyekuwa akirudi kutoka kisimani. Wanaume walimwua mbwa njiani.

Mtoto yule yu hai hata leo, naye ana watoto wake. Mama yake alimwosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, kisha akachukuliwa hospitali akadungwa sindano, na siku zilizopangwa akadungwa tena na tena. Baba yangu aliuza mbuzi wawili na magunia ya mahindi ili kulipa nauli na dawa. Mwaka ule tulikula mihogo hata mavuno mengine. Hatukuwa na wa kumnung'unikia, kwa maana ukali wa Simba tuliutengeneza kwa mikono yetu wenyewe.

Sasa fahamuni ugonjwa wenyewe. Kichaa cha mbwa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, nao huingia mwilini kwa jeraha la meno. Kwa kawaida hupita mwezi mmoja hata mitatu kabla ya dalili kuonekana. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya. Ndiyo maana sindano haingoji. Tena wengi hudhani kwamba mbwa mwenye kichaa ni yule tu akimbiaye na kuuma miti na mawe. Yuko na mwingine, naye ndiye aliyetudanganya sisi: hunyamaza, hujificha, hawezi kumeza, taya limelegea kama mtu aliyesinzia. Mbwa akiwa hivyo, usimguse, wala usimtafutie mfupa kooni. Mwite mtu mzima.

Hapo kale aliyeumwa na mbwa wa namna hiyo alingoja kufa tu. Mwaka 1885, tarehe 6 Julai, mtoto wa miaka 9 jina lake Joseph Meister aliletwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtaalamu Louis Pasteur alikuwa ameijaribu dawa yake kwa wanyama, naye alisita sana kuijaribu kwa mtu. Mtoto akachomwa sindano siku baada ya siku, akapona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na siku hizi tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka katika nchi nyingi kuwa siku ya kichaa cha mbwa. Wanaouchunguza ugonjwa huu hukadiria kwamba bado huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na kati ya watu kumi waumwao na wanyama washukiwao, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Yaani ni ninyi. Ninyi ndio mwendao njiani asubuhi na mapema, ninyi ndio mchezao na watoto wa mbwa, na ninyi ndio mrushao mawe.

Basi nirudi kwa wale wazee. Wasema mbwa akishiba hulala. Mimi nimewatazama mbwa miaka mingi, na neno hili nalikana. Mbwa mwenye njaa halindi nyumba, hujilinda tumbo. Usiku ukiingia huenda jalalani na machinjioni, hupigana na mbwa asiowajua, hula mayai ya jirani, na mwizi humnunua kwa kipande cha utumbo. Aliyeshiba hubaki nyumbani kwa sababu nyumba ni yake. Nakubali jambo moja: mbwa amfurahiaye kila mpita njia hafai kulinda. Lakini mbwa hahitaji njaa wala pilipili ili kumtambua mgeni. Pua na masikio yake humwambia hatua hizi ni za nani kabla wewe hujaamka kitandani.

Mafunzo yake si kazi ngumu, ila yataka subira. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya majuma manane. Akiisha kufika kwenu, anza siku hiyo hiyo. Mpe jina fupi. Chagueni maneno machache, "Njoo," "Keti," "Acha," na watu wote wa nyumba watumie maneno hayo hayo. Kama baba asema "Keti," na dada asema "Kaa chini," na wewe wasema kwa Kingoni, mbwa atawaona ninyi nyote wapumbavu, naye atakuwa na haki. Akitii, mpe papo hapo kidagaa kimoja au tonge la ugali, na umsifu kwa sauti ya upole. Papo hapo, nasema; ukingoja hata umalize kuosha vyombo, hajui umempa kwa sababu gani.

Na kipigo je? Watu wengi humwita mbwa, naye akija humpiga kwa kuku aliyemwua asubuhi. Mbwa yule hafikiri habari za kuku. Ajifunzalo ni kwamba neno "Njoo" maana yake ni fimbo, na kesho ukimwita atakimbia. Ukimkuta katika kosa lenyewe, sema "Acha" kwa nguvu na umwondoe. Kosa likiisha kupita, limepita.

Kisha mzoeze kushikwa. Kila siku, kwa kitambo kidogo, mpapase masikio, mwinue miguu, mfunue mdomo, mvike kamba laini umtembeze kuzunguka uwanja. Katika mazoezi hayo utaona mengi yenye faida: kupe masikioni, viroboto, na funza katika vidole, ambao mbwa huwaeneza hata miguuni mwa watu. Lakini mbwa anapokula, au amelala, au ananyonyesha, usimguse hata kama ni rafiki yako.

Katika ulishaji sina maneno mengi. Ugali na mchuzi wa dagaa au maharage humfaa, na maji safi kila siku, hasa wakati wa kiangazi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, maana hupasuka kama vijiti vikali ikamchoma ndani. Maini na mapafu mabichi ya mbuzi au kondoo, hasa yenye malengelenge ya maji, yasitupwe kwa mbwa. Humpa tegu, na mayai ya tegu hutoka katika mavi yake yakaweza kumwingia mtu kwa mikono isiyooshwa. Na miezi ya Juni na Julai, baridi yetu mnaijua wenyewe: mtafutieni pahali pakavu pa kulala.

Pengine mmoja wenu atasema, "Kwetu hatufugi mbwa, habari hii hainihusu." Yakuhusu. Binti yule wa kisimani kwao hawakuwa na mbwa. Tena magonjwa ya mbwa hayakai nyumbani kwa mbwa. Mwaka 1994, katika mbuga ya Serengeti, simba wapatao theluthi moja walikufa kwa ugonjwa wa kuambukiza wa mbwa, na wataalamu waliona asili yake ni mbwa wafugwao vijijini kandokando ya mbuga. Ikiwa simba wa porini hakusalimika na mbwa wa mkulima, mtu atasalimikaje?

Na njia ya kuukomesha ugonjwa inajulikana. Wataalamu wasema kwamba wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, kila mwaka, kichaa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kwa bidii hata kichaa kikakoma. Mwaka 2016 kikaingia tena, watu wakarudia kuchanja, kikakomeshwa mara ya pili. Sisi wa Songea hatuzungukwi na bahari, na mbweha wa porini huupata ugonjwa vilevile, basi yatupasa bidii kuwazidi. Hao saba wasipotimia, mara nyingi kosa si la sindano, wala si la bwana mifugo. Mbwa wapo, ila hapana mtu awezaye kuwashika.

Mtu akiumwa, fanyeni hivi bila kubishana. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15. Msilipake majivu, wala chumvi, wala manyoya ya mbwa mwenyewe. Nendeni zahanati au hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo, hata kama mwenye mbwa aapa kwamba mbwa wake ni mzima. Mbwa aonekanaye mzima asiuawe kwa hasira. Afungwe peke yake na watu wazima, atazamwe siku 10, na bwana mifugo apewe habari. Mtoto aliyeumwa baada ya kumchokoza mbwa huogopa kusema, akaficha jeraha chini ya kaptura. Aseme. Kipigo cha mzazi kitapoa jioni.

Mbwa niliye naye sasa nalimpata angali mdogo, kutoka kwa jirani. Usiku hubweka hata jogoo wa mtaa hulalamika, na hakuna kibaka aliyewahi kuuvuka ua wangu. Siku ya chanjo iliyopita binti yangu wa darasa la tano ndiye aliyempeleka, kwa kamba ya katani, peke yake. Mbele yao katika mstari palikuwa na wanaume watatu wakivutana na mbwa mmoja mweusi, naye akawaponyoka akakimbia kuelekea mashambani, kamba inaburuta nyuma yake. Binti yangu akasema "Keti." Mbwa akaketi, akachomwa, akapewa kidagaa chake, wakarudi nyumbani. Yule mweusi jioni ile alikuwa hajapatikana bado.